Kodi, dakika na chura wa Kihansi: malengo yakianza kugombana

Kuna kipindi nilikuwa natafuta chumba Dar, kazi ipo Posta, katikati ya mji, na dalali kila akinipigia ananiuliza "braza, unataka cha bei gani?" na mimi kila nikitaja bei najikuta naongeza "ila pasiwe mbali", na yeye anacheka, maana kwake hayo ni maombi mawili yaliyoshikana mashati. Nikarudi geto nikafungua eksel, safu mbili tu, kodi ya mwezi na dakika za kufika kazini asubuhi. Namba nimezikata hapa zikae sawa ili hesabu isitusumbue: Mbagala 50,000 na dakika 90, Tabata 80,000 na dakika 65, Kimara 90,000 na dakika 80, Sinza 150,000 na dakika 50, Upanga chumba cha uani 250,000 na dakika 20.

Sasa hicho kijedwali cha mistari mitano kinabeba karibu kila kitu ambacho wataalamu wa optimaizesheni (hesabu za kutafuta jibu bora) wanakisomea miaka, ile ya malengo mengi, yaani una vitu viwili au vitatu au kumi unavitaka vyote na kila ukivuta kimoja kingine kinaponyoka. Lengo likiwa moja hamna hadithi, unapanga kwa bei kuanzia chini, Mbagala inashinda, tumemaliza. Yakiwa mawili swali lenyewe la "kipi bora" linakufa, na watu wengi hawajui kwamba limekufa, wanaendelea tu kuliuliza.

Tuanze na rahisi. Mwangalie Kimara. Ni ghali kuliko Tabata na bado ni mbali kuliko Tabata. Hapa huhitaji kujua mimi napenda hela au napenda usingizi, mtu yeyote mwenye akili timamu anaifuta. Mi naita kupigwa bao: chumba kimepigwa bao kama kuna kingine ambacho hakizidiwi popote na kimezidi angalau sehemu moja. Futa waliopigwa bao wote, wanaobaki ni Mbagala, Tabata, Sinza na Upanga, na kati ya hao wanne hakuna anayempiga mwenzake, kila mmoja ana kitu cha kujitetea. Ukiwachora kwenye grafu wanatengeneza mstari unaoshuka, na huo ndo unaitwa mstari wa Pareto.

Nisimame kidogo hapa kwa sababu naona hapa ndo ugomvi mwingi wa maofisini unapozaliwa. Ukiwa Kimara, huna haja ya kujinyima chochote, unahamia Tabata unaokoa hela NA muda kwa mpigo. Ukiwa Tabata, kila dakika unayotaka kuipunguza utailipia. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa na bosi anazichanganya kila siku, anakwambia "tukitaka ubora lazima gharama ipande" wakati kampuni nzima imekaa Kimara, jenereta inaunguruma mchana kutwa umeme upo, gari inaenda Tegeta mara tatu kwa siku kubeba bahasha moja moja. Huyo hajafika kwenye mstari bado. Lugha ya kujinyima ni ya watu walioshafika mstarini, wengine kwanza wafagie uchafu.

Pareto mwenyewe, Vilfredo, alizaliwa Paris 1848, Mtaliano, na kitu ambacho watu wanasahau ni kwamba alisomea uinjinia Turin na akafanya kazi reli na viwanda vya chuma kabla ya kwenda kufundisha uchumi Lausanne, Uswisi, kuanzia 1893. Kabla yake kuna Edgeworth, mzaliwa wa Ireland, ambaye 1881 alishaanza kuchora mistari ya watu wawili wanaopatana bei mpaka wanafika mahali ambapo huwezi kumfurahisha mmoja bila kumuumiza mwingine. Jina likabaki kwa Pareto. Bahati ya majina hiyo.

Haya, mstari tunao, wanne wako juu yake, tunachaguaje? Njia ambayo kila mtu anaikimbilia, na programu nyingi zinaikimbilia pia, ni kuweka uzito: dakika moja kwangu ina thamani ya shilingi kadhaa, zidisha, jumlisha na kodi, mwenye jumla ndogo kashinda. Safi kabisa, inaonekana ya kisayansi. Tujaribu. Kutoka Mbagala kwenda Tabata unaongeza 30,000 unaokoa dakika 25, yaani dakika moja unainunua 1,200. Kutoka Tabata kwenda Sinza unaongeza 70,000 unaokoa dakika 15, kila dakika kama 4,667. Kutoka Sinza kwenda Upanga unaongeza laki moja unaokoa 30, kila dakika 3,333.

Umeiona hiyo? Dakika za Sinza ni ghali kuliko dakika za Upanga. Kwa hiyo mtu ambaye yuko tayari kulipa 4,667 kwa dakika ili ahame Tabata, huyohuyo hawezi kusimama Sinza, maana mbele yake kuna dakika za bei rahisi zaidi, atateleza moja kwa moja mpaka Upanga. Na mtu ambaye 4,667 anaiona nyingi, hata Sinza hafiki kwa miguu hiyo, kama dakika yake haifiki kama 3,778 anabaki Tabata, ikizidi hapo anaruka Sinza yote anatua Upanga. Weka uzito wowote unaotaka, weka 2,000, weka 4,000, weka 10,000, Sinza haishindi hata siku moja! Na hajapigwa bao na mtu, ni halali kabisa, yuko kwenye mstari. Nilivyoiona hii mara ya kwanza nilidhani nimekosea fomula.

Sababu yake ni umbo la mstari. Mstari ukibonyea kuelekea upande mzuri, uzito unafika kila kona. Mstari ukituna kwenda upande mbaya, kama hapo Sinza, kanuni ya kujumlisha inaruka juu ya hilo tuta kama haijaliona. Unakumbuka njia mbili zilimshinda fisi? Kila siku tunaisema kama vile fisi alikuwa na tamaa tu. Mi naona fisi alifanya kosa la hesabu, aliamini kwamba kama njia hii ina nyama na ile ina nyama basi katikati yake lazima pia kuna nyama. Wakati mwingine katikati ni pori tupu. Ukiweka dakika kwa 4,000, Tabata inapata jumla 340,000, Upanga 330,000, na Sinza ya katikati 350,000, mbaya kuliko majirani zake wote wawili.

Alafu kuna mtego wa pili ambao mi naona ni mchafu zaidi, maana huu unaweza kutumiwa na mtu mjanja. Shilingi na dakika hazijumlishiki, kwa hiyo watu wanazigeuza kwanza ziwe alama kati ya 0 na 1, mbaya kuliko wote 1, mzuri kuliko wote 0, alafu uzito nusu kwa nusu, "ili tuwe fea". Sawa. Kwa vyumba vyetu vinne kodi inatembea kutoka 50,000 mpaka 250,000, tofauti laki mbili, dakika kutoka 20 mpaka 90, tofauti 70. Nusu kwa nusu maana yake bila kusema umeshaamua dakika moja ni kama 2,857, na mshindi ni Tabata. Sasa dalali anakuja na apatimenti Posta penyewe, laki tisa, dakika 5. Siiwezi, hakuna mtu kijiweni anayeiweza, tunaicheka tu, ila imeingia kwenye jedwali. Tofauti ya kodi sasa ni 850,000, ya dakika 85, na dakika moja ghafla imekuwa shilingi 10,000. Rudia hesabu, mshindi ni Upanga. Hakuna kilichobadilika kwangu, mshahara ni uleule, usingizi uleule, ila kuingia kwa chumba ambacho hakuna mtu atakipanga kumebadilisha jibu. Siku ukikaa kwenye kamati ya tenda ukaona mzabuni wa ajabu ajabu mwenye bei ya mawinguni, usimcheke haraka, uliza kwanza alama zinapigwaje.

Kuna njia nyingine ambayo binafsi naipenda kwa sababu inafanana na jinsi binadamu anavyofikiri kweli. Chukua lengo moja ulifanye sharti, lingine uliboreshe: kodi isizidi 160,000, humo ndani nitafutie pa karibu kuliko kote. Jibu? Sinza, palepale. Watafiti Haimes, Lasdon na Wismer waliiandika kitaalamu 1971, ila mama yako alikuwa anaifanya sokoni kabla hujazaliwa, "nina elfu kumi, nipe samaki bora inayoingia hapo". Uzuri wake ni kwamba ukisogeza sharti kidogo kidogo, 60,000, 100,000, 160,000, 260,000, unaupita mstari wote bila kuruka tuta. Ubaya ni kwamba inabidi mtu aitaje hiyo namba kwa mdomo wake na asimame nayo, na watu wenye vyeo wanapenda uzito kwa sababu uzito unaficha mkono wa aliyechagua.

Malengo yakizidi matatu mambo yanaharibika kwa namna nyingine kabisa. Chukua vitu viwili ovyo ovyo, tuseme simu mbili, na sifa zake hazihusiani. Kwa sifa mbili, uwezekano wa mojawapo kuipiga bao nyingine ni nusu. Kwa sifa tatu ni robo. Kila sifa ukiongeza unagawanya kwa mbili, kwa sifa 10 ni moja kati ya 512. Yaani ukiwa na vigezo 10 karibu kila simu dukani iko kwenye mstari wa Pareto, hata ile mbovu ya mjomba ina kitu kimoja inaongoza, uzito wa mfukoni sijui. Ndo maana jedwali refu la vigezo halisaidii mtu kuamua, linamsaidia kutetea alichoshaamua. Hata algorithimu, yaani kanuni za kompyuta za kutafuta majibu, zinateseka hapo. Ile maarufu ya mtafiti Deb na wenzake ya 2002, NSGA-II, inafuga "kizazi" cha majibu mengi kwa pamoja, inawapanga kwa tabaka, wasiopigwa bao tabaka la kwanza, ukiwatoa hao wanaofuata ni la pili na kuendelea, wanazaliana, na ndani ya tabaka wanaokaa peke yao wanapendelewa kuliko waliojazana sehemu moja ili mstari wote uonekane. Nzuri sana kwa malengo mawili matatu. Yakiwa 10 kila mtu yuko tabaka la kwanza na upangaji unakosa maana, ikabidi waje na mbinu nyingine, mojawapo NSGA-III ya 2014.

Ila nisikae sana kwenye kompyuta, kuna mfano wa hapahapa nyumbani ambao naurudia kila nikimweleza mtu hii mada. Kihansi.

Mto Kihansi unashuka kutoka milima ya Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro, na pale kwenye korongo maji yanaanguka jumla ya mita kama 850. Kwa injinia wa umeme hiyo ni zawadi. Piga hesabu ya haraka, mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000, zidisha 9.8, zidisha 850, unapata megawati 8.3 kwa kila mita ya ujazo inayopita kwa sekunde, toa hasara za mitambo zinabaki kama 7 na nusu. Kituo kina uwezo wa megawati 180. Kwa hiyo bwawa likajengwa juu, handaki likachimbwa ndani ya mlima, maji badala ya kuanguka korongoni yakawa yanapita ndani kwenda kwenye tabo, zile mashine zinazozungushwa na maji kutoa umeme.

Mwaka 1996, ujenzi ushaanza, watafiti wa mazingira wakakuta pale chini ya maporomoko chura mdogo wa njano, mfupi kuliko kidole gumba, hatagi mayai, anazaa watoto kamili, na duniani kote anaishi hapo tu, kwenye kama hekta 2 za majani yanayoloweshwa na manyunyu ya maporomoko masaa yote. Mitambo ilipoanza kazi, 1999 kuelekea 2000, maji ya korongoni yakapungua kwa kama asilimia 90 na manyunyu yakafa.

Wakati ule vijiweni ilikuwa kichekesho, umeme wa mgao halafu watu wanajadili chura. Na mtego ni huohuo wa kuuliza "kipi bora, umeme au chura", swali ambalo jibu lake unalijua kabla hujamaliza kuuliza, kutegemea nani anaulizwa na kama friji yake imezima. Swali lenye maana ni la bei ya kubadilishana: ukiachia maji kidogo korongoni unapoteza megawati ngapi na unaokoa manyunyu kiasi gani? Mita moja ya ujazo, megawati 7 na nusu. Hapo sasa tunaongea. Na hata hiyo bei haikai mahali pamoja mwaka mzima, maana masika bwawa likijaa mpaka linamwaga, maji yanayoenda korongoni hayakuwa yaingie kwenye tabo kwa vyovyote vile, chura anayapata bure. Kiangazi ndo kila tone lina mwenyewe. Kwa hiyo mstari wa Pareto wa Aprili na wa Oktoba sio mmoja, na mtu akikupa wastani wa mwaka anakuficha mahali penye ugomvi.

Alafu wakafanya kitu ambacho mi ndo kinanifurahisha kuliko vyote. Badala ya kubishana tukae wapi kwenye mstari, waliusogeza mstari wenyewe. Walivuta mabomba, wakaweka vinyunyizi vinavyotumia mteremko, vikawa vinarusha manyunyu palepale kwenye majani. Chura hahitaji maporomoko kama maporomoko, anahitaji unyevu, na unyevu unaweza kuutengeneza kwa maji machache sana kuliko mto mzima. Umeme karibu uleule, manyunyu mengi zaidi. Jedwali la zamani halikuwa na hiyo safu kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza kwa nini chura anapenda pale. Ilifika mwaka 2003 wakahesabiwa kama 20,000.

Na miezi michache baadaye wakaporomoka, mwanzoni mwa 2004 wakawa wa kutafuta kwa tochi. Kwenye mizoga ukakutwa ugonjwa wa fangasi unaoua vyura sehemu nyingi duniani, wengine wakanyooshea kidole tope lililosukumwa kutoka bwawani likiwa na dawa za mashambani, wengine vinyunyizi vilivyosimama, na hilo bado linabishaniwa. Unaona kilichotokea, walikuwa na mihimili miwili, umeme na manyunyu, wakaiweka vizuri kabisa, na kilichowaua huenda kilikaa kwenye mhimili ambao haukuchorwa. Lengo ambalo halimo kwenye jedwali halipewi uzito mdogo, linapewa sifuri, na sifuri haionekani kwenye fomula, hakuna mtu anayeisaini.

Mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Kilichowaokoa ni kwamba mwishoni mwa 2000, wakati vijiwe vinacheka, chura 499 walipakiwa kwenye ndege wakapelekwa Marekani, bustani ya wanyama ya Bronx, wakafugwa huko. Wengi kati yao hawakuweza kuzoea, kupata unyevu na chakula sahihi ilikuwa kazi ya miaka, ila ukoo ukashika. Mwaka 2010 mia moja wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Kihansi inazalisha umeme mpaka leo. Hela iliyotumika kwa chura ulikuwa ugomvi na bado ni ugomvi, na mimi sina tatizo na ugomvi huo, ni halali, watu wanaweza kutofautiana bei ya kiumbe. Tatizo langu ni mtu anayesema haikuwa na bei, kwa upande wowote ule.

Chumba? Niliweka sharti, kodi isizidi 160,000, nikapata Sinza, chumba ambacho uzito wowote ule usingenipa, na nikajiona mtaalamu kweli. Usiku wa kwanza nikagundua ukuta wangu na spika ya baa ya jirani ni kitu kimoja, na ile baa inafunga saa tisa usiku Ijumaa na Jumamosi, siku nyingine inajitahidi saa saba. Zile dakika nilizookoa barabarani nikawa nazimalizia nimekaa kitandani nimewasha taa. Nikafungua eksel, nikaongeza safu ya tatu, nikampigia dalali, akaanza kucheka kabla sijamaliza salamu.